Visukuku vya Mapango ya Pwani: Nani Atavisemea kwa Kiswahili?

Neno kisukuku si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Limo katika kamusi, hutajwa katika vitabu vya istilahi, na husikika redioni kila panapojadiliwa mafuta ya petroli na makaa ya mawe. Hata hivyo, mwombe mwanafunzi huyo huyo akuonyeshe kisukuku kimoja, au akieleze kwa sentensi tatu asizoziazima kutoka kwa Kiingereza, na aghalabu utamwona akibabaika. Neno analo, kitu hana. Hali hii inashangaza hasa kwa sababu lugha anayoisomea imekulia juu ya visukuku. Sehemu kubwa ya ukanda wa pwani ya Kenya, kuanzia Malindi hadi Shimoni, imekaa juu ya mwamba wa chokaa uliojengwa na matumbawe, chaza, kome na konokono wa baharini waliokufa makumi ya maelfu ya miaka kabla ya neno lolote la Kibantu kutamkwa katika ufuo huo.

Shimoni ni mfano mwema wa kuanzia, maadamu jina la mji huo limetokana na pango lenyewe. Wageni wanaoteremka ngazi kuingia pangoni huelezwa habari za watumwa ambao, kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji, walizuiliwa humo wakingoja kuvushwa ng'ambo. Habari hizo ni nzito na zinastahili kuelezwa. Hakuna anayedai zipunguzwe hata neno moja. Lakini mgeni akiinua macho ataona jambo jingine ambalo aghalabu halisemwi. Dari na kuta za mapango ya namna hii si mawe matupu. Ni bahari iliyosimama. Humo mna matumbawe yenye vitundu vyake, mna makombe yaliyopasuka nusu, mna misokoto ya konokono iliyojitokeza pale maji ya mvua yalipoula mwamba laini na kuliacha gamba gumu.

Namna mambo yalivyotukia si fumbo. Kiumbe mwenye gamba huchota chokaa katika maji ya bahari na kujijengea nyumba. Akifa, nyama huoza na nyumba hubaki. Nyumba hiyo hufunikwa na mchanga na vipande vya matumbawe, nayo maji yenye chokaa hupenya katikati na kuyagandisha yote yakawa kitu kimoja. Wakati mwingine gamba la asili huyeyuka kabisa ikabaki alama yake tu, mfano wa muhuri ulioondolewa juu ya nta. Baadaye bahari hushuka, mwamba huachwa nchi kavu, na mvua huanza kazi ya pili. Maji ya mvua hubeba hewa ya kaboni kutoka angani na udongoni, yakawa na ukali mdogo unaotosha kuyeyusha chokaa polepole. Hivyo ndivyo pango linavyozaliwa: kile kile kilichomhifadhi kome ndicho kinachofumuliwa ili aonekane.

Mwamba wa matumbawe ulioko karibu na ufuo, sehemu yake kubwa, huhusishwa na kipindi cha takriban miaka 125,000 iliyopita, ambapo dunia ilikuwa na joto na kina cha bahari kilizidi cha leo kwa mita 6 hadi 9 hivi. Mwanasayansi J. A. Crame aliwachunguza moluska waliomo katika miamba hiyo ya Kenya, na mwaka 1986 akachapisha makala kuwahusu katika jarida la kimataifa linaloshughulikia miamba ya matumbawe. Ni kazi ya kuheshimiwa. Kazi hiyo ni ya Kiingereza, na majina ya viumbe ni ya Kilatini, jambo ambalo halina lawama kwa jarida la aina hiyo. Lawama inawaendea wale ambao, miongo kadhaa baadaye, hawajaona haja ya kuifikisha habari hiyo kwa mvuvi wa Wasini katika lugha ambayo yeye ndiye mwenyewe.

Fauka ya pango la ufuoni, kuna pango la bara kidogo. Katika vilima vya Dzitsoni, Kaunti ya Kilifi, umbali wa kilomita 15 hivi kutoka baharini, kuna Panga ya Saidi. Jina hilo limewahi kuwachekesha wasomaji wa bara waliodhani ni habari za silaha. Katika lugha za Wamijikenda panga ni pango, na anayetaka kulisahihisha jina hilo liwe Pango la Saidi kwa kisingizio cha usanifu atakuwa ameharibu ushahidi wa undugu wa lugha hizi mbili bila faida yoyote. Mwamba wa pango hilo ni chokaa ya enzi ya Jura, yaani umri wake ni zaidi ya miaka milioni 160. Ule wa ufuoni ni mtoto mchanga kando yake: tofauti baina yao ni zaidi ya mara elfu moja.

Humo ndimo watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wakishirikiana na wenzao wa Ujerumani, Hispania na kwingineko, walimochimba tangu mwaka 2010. Mwaka 2018 walitangaza kwamba sakafu ya pango ina kumbukumbu ya maisha ya binadamu ya miaka 78,000. Mwaka 2021 walitangaza kaburi la mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyelazwa kwa ubavu katika shimo lililochimbwa makusudi, takriban mita 3 chini ya sakafu ya sasa. Ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu wa sasa lililowahi kupatikana barani Afrika. Mifupa ilikuwa imechakaa kiasi cha kutoshikika, ikabidi ifungwe pamoja na udongo wake ndani ya plasta, ipelekwe Nairobi, kisha Burgos, Hispania. Watafiti walimpa jina la Kiswahili: Mtoto.

Wanakiswahili wengi walifurahi, na si vibaya kufurahi. Lakini furaha hiyo ichunguzwe. Katika makala nzima ya kisayansi iliyosomwa duniani kote, mchango wa Kiswahili ulikuwa neno hilo moja pamoja na jina la pango, ambalo kwa hakika ni la Kimijikenda. Lugha iliitwa kumpa marehemu jina, kisha ikaombwa isubiri nje ya mlango.

Sasa lipo jambo dogo katika Panga ya Saidi linaloleta swali kubwa la lugha. Miongoni mwa vitu vilivyopatikana katika sakafu ni ushanga uliotengenezwa kwa gamba la konokono wa baharini wa jamii ya koni, wenye umri wa kati ya miaka 63,000 na 67,000. Ndio ushanga wa kale zaidi uliopatikana Kenya kufikia utafiti huo wa 2018. Watafiti hawakupata dalili kwamba watu wa pango hilo walitegemea chakula cha baharini, ijapokuwa bahari haikuwa mbali. Walikuwa watu wa msitu na mbuga. Basi gamba hilo halikuletwa kwa ajili ya tumbo. Mtu fulani alilibeba kutoka ufuoni, au alilipokea kwa mwingine, kwa sababu lilipendeza.

Hapo ndipo Kiswahili kinapojikwaa. Gamba lililomo ndani ya mwamba na gamba lililookotwa sakafuni si kitu kimoja. La kwanza ni la kiumbe aliyefia mahali alipoishi, likageuka sehemu ya jiwe mamilioni au maelfu ya miaka kabla ya binadamu kuingia pangoni. La pili limepita mikononi mwa mtu. La kwanza husimulia habari za bahari, la pili husimulia habari za hamu ya binadamu kujipamba. Katika magazeti na hata katika darasa la Kiswahili vyote viwili huitwa visukuku, na Mtoto naye huingizwa humo humo. Mhariri anayeandika kuwa ushanga ni kisukuku amemnyima msomaji wake habari yenyewe. Yafaa neno kisukuku libakie kwa kiumbe au alama ya kiumbe iliyohifadhiwa katika mwamba au tabaka la kale, nacho kitu kilichofanyiwa kazi na mkono wa mtu kiitwe masalia ya utamaduni, au zana, au pambo, kadiri kilivyo. Hili halihitaji kamati. Linahitaji walimu wawe makini.

Ugumu wa pili ni wa wakati. Kiswahili kina utajiri wa kueleza wakati wa binadamu: jana, juzi, mwaka juzi, zamani, kale, jadi, enzi za mababu. Msimulizi wa ngano husema zamani za kale na hadhira hutulia. Lakini kale ya kujengwa kwa Ngome ya Yesu, mnamo 1593 hadi 1596, na kale ya Mtoto, na kale ya chokaa ya Jura zote zimetiwa katika kapu moja. Wanajiolojia wana ngazi za wakati, moja ndani ya nyingine, na kila moja ina jina. Waandishi wa Kiswahili huyatumia maneno enzi, zama, kipindi na karne kiholela, leo enzi ni kubwa kuliko zama, kesho ni ndogo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilithibitisha kwamba istilahi zinaweza kupangwa zikaeleweka. Kinachokosekana ni mtu wa kuzitia katika sentensi, sentensi katika aya, na aya katika makala ambayo mtu atapenda kuisoma. Istilahi isiyoandikiwa chochote hufia kamusini.

Watakuwapo wasemao kuwa mambo haya ni ya wanajiolojia na kwamba mwanafasihi akishughulikia kome ameacha mbachao kwa msala upitao. Hoja hiyo ina nguvu ya juu juu tu. Kwanza, taaluma ya mawe haijawahi kuwa ya kundi moja la watu wala la lugha moja. Ibn Sina, aliyejulikana zaidi kwa tiba na falsafa, alijadili katika Kitab al-Shifa jinsi wanyama na mimea inavyoweza kugeuka mawe. Naye al-Biruni, aliyeishi zama zake, aliyatazama makombe ya baharini yaliyomo nchi kavu akakata shauri kuwa nchi hiyo ilikuwa bahari. Waliandika kwa Kiarabu, lugha ambayo wanavyuoni wa Pwani waliisoma kwa karne nyingi. Pili, hakuna anayemtaka mwanafasihi apime umri wa mwamba. Anatakiwa afanye lile ambalo mwanajiolojia hakufunzwa: kusikiliza wanaozungumza na kuandika vizuri.

Na wa kusikilizwa wapo. Yeyote aliyetembelea Gazi, Vanga au visiwa vya Lamu wakati wa bamvua, maji yakipwa hadi mwamba kuwa wazi, amewaona wanawake na watoto wakiokota chaza, kome, tondo na kombe. Kila kiumbe ana jina, kila jina lina kijiji chake, na jina la Kiamu huenda si la Kivumba wala la Kichifundi. Wanajua yupi hujificha mchangani, yupi hung'ang'ania mizizi ya mikoko, na yupi hupatikana tu maji yakipwa sana. Kauri, kete, simbi na dondo si visawe vinne vya kujazia shairi. Ni vitu tofauti, na dondo lilikuwa kifaa cha kazi, likisuguliwa juu ya mshono wa nguo hadi ukalala. Wengi wa viumbe hawa, au jamaa zao wa karibu, ndio waliomo katika kuta za mapango. Bila shaka mwanamke anayemtambua kome akiwa hai katika tope anaweza kumtambua akiwa jiwe. Akiulizwa, atasema.

Kinyume chake ni ile tabia ya kuunda istilahi mezani. Chukua neno samakigamba linalotumiwa na baadhi ya waandishi. Si samaki, wala hakuna mvuvi atakayekubali kuwa kome ni samaki. Neno hilo limefinyangwa kwa kalibu ya Kiingereza, na kosa la Kiingereza likafinyangwa pamoja nalo. Moluska, lililokopwa na kutoholewa, lina haya zaidi: halijifanyi kujua lisilolijua. Lakini baina ya moluska la maabara na majina ya ufuoni pana nafasi kubwa, na nafasi hiyo ndiyo inayostahili tasnifu za uzamili, badala ya tasnifu ya thelathini kuhusu maudhui yale yale katika riwaya zile zile. (Wahadhiri wasimamizi wataudhika. Wacha waudhike kidogo.)

Tena visukuku havimo mapangoni pekee. Nyumba za mawe za Lamu, magofu ya Gedi, misikiti ya kale na Ngome ya Yesu yenyewe vimejengwa kwa mwamba huo huo. Mafundi walitofautisha kwa ustadi baina ya jiwe la timbo lililochimbwa nchi kavu, ambalo ni mwamba wa kale, na tumbawe laini lililokatwa baharini likiwa bichi kwa ajili ya nakshi. Kisha wakachoma matumbawe kupata chokaa ya kupaka. UNESCO iliutambua mji wa Lamu mwaka 2001, ngome ya Mombasa mwaka 2011 na Gedi mwaka 2024. Mwanafunzi anayesoma Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, hufunzwa kuzichambua taswira za majumba ya Pate yaliyobomoka, ambamo vidaka vya vyombo vya thamani vimekuwa makao ya ndege. Huandika kuhusu kifo, dunia na ghururi, naye hupata alama zake. Ni nadra kuulizwa majumba hayo yalikuwa ya mawe gani. Jibu lingeuongezea utenzi huo kina: kuta za matajiri wa Pate zilikuwa tangu mwanzo zimejaa wafu, viumbe waliojenga, wakaishi ndani, wakahama. Haidaiwi kwamba mshairi alikusudia hivyo. Inadaiwa tu kwamba msomaji anayelijua jiwe husoma zaidi ya asiyelijua.

Yote haya yangeweza kuahirishwa kama miamba ingesubiri. Haisubiri. Chokaa ya Pwani ni mali. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954 kwa kuchimba mwamba wa matumbawe, na ijapokuwa sehemu ya machimbo yake ilioteshwa mivinje kuanzia mwaka 1971 chini ya usimamizi wa René Haller ikawa msitu unaosifiwa, jiwe lililosagwa halirudi kuwa jiwe. Kandokando ya barabara nyingi za Kwale na Kilifi yapo matimbo madogo ambamo vijana hukata matofali ya matumbawe kwa siku nzima. Nchi inahitaji nyumba, na vijana wanahitaji ujira. Makala haya hayawaombi waweke chini sururu. Lakini kila siku shoka hupita katikati ya gamba la miaka 125,000, na pengine siku moja litapita katikati ya pango lenye sakafu kama ile ya Panga ya Saidi.

Sheria ipo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka mtu anayegundua kitu chenye umuhimu wa kiakiolojia au kipaleontolojia atoe taarifa katika muda wa siku saba. Siku saba, na asiyefanya hivyo anaweza kushtakiwa. Isomwe tena sentensi hiyo kwa sikio la kijana aliye timboni. Kipaleontolojia ni nini? Sheria iliandikwa kwa Kiingereza, nayo tafsiri ya neno kwa neno kama hiyo hapo juu haimsaidii kitu. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kijana huyo anawajibika chini ya sheria ambayo haijamfikia katika lugha hiyo rasmi, kuhusu kitu ambacho shuleni alifunzwa kwa lugha nyingine, huku jina la kitu hicho akilijua vizuri kutoka kwa bibi yake.

Chama cha wanafunzi wa Kiswahili hakina uwezo wa kubadilisha sheria. Kina uwezo wa kuandika karatasi moja, ya kurasa mbili, yenye michoro: gamba lililogeuka jiwe huonekana hivi, likiwa ndani ya mwamba, maana yake ni hii, likiwa limetobolewa au limesuguliwa na liko udongoni pamoja na mkaa na mifupa, usiliondoe, piga simu Makumbusho. Maneno ya karatasi hiyo yakusanywe Shimoni, Gazi na Dzitsoni kabla ya kuandikwa, yasomwe kwa sauti mbele ya wakata mawe wenyewe, na lile wasilolielewa likatwe. Likizo ndefu ijayo inatosha kwa kazi hiyo, na nauli ya matatu kutoka Mombasa hadi matimbo ya Kwale haizidi uwezo wa chama kinachogharamia karamu ya mwisho wa mwaka.